Mtambo Ulipohama

Siku mtambo ulipouzwa, Cheche alikuwa juu ya ngazi, kinyago usoni, akiziba ufa mwembamba kwenye bomba la mvuke. Hakusikia kengele ya kuwaita watu uwanjani. Mkewe ndiye aliyekuja kuitikisa ngazi kwa mguu, kidogo tu, kama alivyozoea kufanya akimwita kunywa chai.

"Shuka, baba. Mkurugenzi anataka kusema na watu wote."

"Kuna nini?"

"Sijui. Ila amevaa suti."

Cheche akazima moto, akashuka. Mkurugenzi wao hakuwa mtu wa suti. Alikuwa mzee wa ovaroli, aliyeianzisha kampuni ile ndani ya banda la mabati lililokuwa likivuja, na hata wageni wakubwa walipokuja aliwapokea mikono ikinuka grisi. Ukimwona amepiga pasi, ujue kuna msiba au kuna harusi, na harusi haikuwapo.

Kampuni yao ilitengeneza petroli pasipo kuchimba mafuta ardhini. Wageni wakitembelea kiwanda, mkewe Cheche ndiye aliyewaeleza. Feni kubwa zile zinavuta hewa, alisema, na hewa inachujwa mpaka iachie kaboni yake. Huku nako maji yanapasuliwa kwa umeme yatoe hidrojeni. Kisha viwili hivyo vinakutanishwa ndani ya pipa nene la chuma, kwenye joto kali na mgandamizo usiomithilika, na upande wa pili inatoka petroli nyeupe, safi, ungedhani ni maji ya kunywa. Gari likiichoma, moshi wake unarudisha hewani kilekile kilichotoka hewani. "Hatuongezi kitu," alikuwa akimalizia. "Tunazungusha tu."

Lile pipa wafanyakazi walilibatiza jina la Bwana Mkubwa, kwa maringo yake. Ukimpasha moto haraka, anasusa. Ukimchelewesha, anasusa vilevile, na petroli inatoka na nta ndani yake kama uji ulioganda. Aliyejua kumbembeleza alikuwa mtu mmoja, mkewe Cheche, ambaye kiwanda kizima kilimwita Mkemia. Asubuhi mafundi walimpigia kelele kutoka mbali: "Shemeji! Bwana Mkubwa kaamkaje?" Naye hujibu bila kugeuka: "Kaamka na nongwa zake, msimkaribie." Cheche alitaniwa sana kwa hilo. Waliambiana kwamba ameoa mke mwenye waume wawili, na kwamba yeye ndiye mdogo.

Uwanjani mkurugenzi hakuzunguka. Umeme umekuwa ghali mno, alisema, petroli ya ardhini imeshuka bei, na wafadhili wamechoka kungoja. Kampuni moja ya nchi ya mbali, yenye upepo mwingi na umeme rahisi, imeununua mtambo wote. Utafunguliwa, upakiwe kwenye makontena, ukasimamishwe upya hukohuko.

"Kazi yetu haikushindwa," alisema. "Inahama."

"Kazi inahama," mtu mmoja alisema nyuma, "na sisi je?"

Kwa kawaida neno kama hilo lingewachekesha. Siku hiyo watu walitazama viatu vyao.

Jioni, nyumbani, Mkemia alikuwa akichambua mchele kwenye meza ya jikoni. Alisema bila kuinua macho:

"Wanunuzi wameniita ofisini baadaye. Wananitaka niende na mtambo. Wanasema wakimchukua Bwana Mkubwa bila mimi wamenunua chuma chakavu."

"Wamesema kweli."

"Na mume anaruhusiwa. Huko mafundi wa kuchomelea wanatafutwa."

 Wote wawili waligeuza shingo kidogo kuelekea chumba cha mbele. Humo alilala mama yake Cheche.

Kile ndicho chumba kilichopata mwanga zaidi, ndiyo maana walimpa yeye, wao wakahamia cha nyuma. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia, kisha pole pole kikaanza kumchukua na kumbukumbu. Cheche alikuwa mwanawe wa pekee. Siku nzuri alimtambua. Siku nyingine alimwita mume wangu, akamwuliza mbona amechelewa hivyo kurudi. Kila alipotoka kazini, Mkemia alimwogesha, akampaka mafuta ya uvuguvugu, akamkanda miguu. Na kila siku mama aliuliza swali lilelile:

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi mkweo, mama. Nimeolewa na mwanao."

"Mwanangu? Mwanangu bado mdogo."

"Basi nitamngoja akue."

Hapo mama hucheka mpaka machozi yakamtoka, na kesho yake utani unakuwa mpya tena.

Kumhamisha hakukuwezekana. Daktari alishasema ndege itamuua. Wakati mmoja walimpeleka kwa mama mdogo, mtaa wa pili tu, ili wapumzike kidogo. Akakataa chakula, akalia mpaka sauti ikakauka, ikabidi Cheche ambebe mgongoni kumrudisha. Alipoliona dirisha lake alinyamaza palepale, akalala.

"Siendi," Mkemia alisema, akirudisha macho kwenye mchele. "Nimekwisha kuwaambia nitafikiri, lakini siendi. Nitapata kazi hapahapa."

Na kweli alitafuta. Akaitwa kwenye bohari ya mafuta ya kawaida, yale ya kuchimbwa, kazi yake iwe kupima dizeli inayoshushwa na malori. Alikwenda siku moja kujaribiwa. Aliporudi aliketi kwenye ngazi za mlangoni na viatu vyake mguuni, akinuka dizeli, asiingie ndani.

"Vipi?" Cheche alimwuliza.

"Wamenikubali. Watu wazuri, wala sina la kuwalaumu." Akaitazama mikono yake. "Wamenipa chupa nichote dizeli. Nimesimama nayo pale nikajiona kama mtu mzima aliyerudishwa darasa la kwanza."

Tangu siku hiyo Cheche akaanza kumwona mkewe akipungua. Hakukonda. Alikula, akaongea, akamwogesha mama na utani wake ukawa uleule. Lakini alikuwa akisimama katikati ya chumba na kitambaa mkononi, amesahau alichotaka kukifuta.

Neno lenyewe lilikuja asubuhi ya Jumapili, uani, wakifua mashuka ya mama. Walikuwa wamelishika shuka moja, kila mtu ncha yake, wanalikamua, huyu akisokota huku na yule kule. Maji yalikuwa yakichuruzika miguuni mwao.

"Nina neno," Mkemia alisema. "Ukilisikia huenda usinipende tena."

"Sema."

"Nikibaki, nitakuwa namngoja mama afe."

Cheche aliacha kusokota, lakini hakuiachia ncha yake.

"Jana nilikuwa namkanda miguu," mkewe aliendelea, "nikajikuta napiga hesabu ya umri wake. Nampenda, Mungu anajua. Ananiuliza mimi mtoto wa nani, namchekesha, na moyoni napiga hesabu. Leo ni hesabu. Mwakani nitakuwa namchukia. Na wewe utaliona usoni mwangu kabla mimi mwenyewe sijaliona."

Cheche aliitafuta hasira. Alijua mahali inapokaa, kwani haikuwa mbali naye siku zote, na mtu mwingine angelisema neno hilo angemtoa uani kwa mkono. Lakini siku hiyo aliitafuta asiipate. Alichokipata ni kwamba maneno yale hayakuwa mageni kwake. Yalikuwa yamewahi kumpitia, usoni hayakuonekana, akayafukuza kama mtu anavyofukuza paka jikoni.

"Basi nenda," alisema.

"Sikusema ili uniambie niende."

"Najua. Nenda hivyohivyo."

Wakamaliza kulikamua lile shuka, wakalianika. Mkemia akaenda akajifungia bafuni, akafungulia maji kwa nguvu, na Cheche akabaki uani akijifanya hasikii.

Kazi ya kuubomoa mtambo walipewa mafundi walioujenga. Cheche angeweza kukataa. Mwenzake mmoja alikataa, akasema hawezi kumchinja ng'ombe aliyemnywesha maziwa. Lakini Cheche alijua akikataa ataletwa mgeni wa kukata ovyo ovyo, na huko uendako mabomba hayatakutana tena. Zaidi ya hayo, kule kazini ndiko alikokuwa mkewe mchana kutwa.

Wakagawana kazi bila kuambizana. Mkemia alitangulia na chaki, akiandika alama juu ya kila bomba ili watakaolipokea wajue linaungana na lipi. Cheche akafuata na moto wa gesi, akakata. Mkemia akarudi tena, akaifunika midomo ya bomba kwa vifuniko vya plastiki na utepe, unyevu usiingie. Kisha kreni ikalinyanyua. Msimamizi aliyetumwa na wanunuzi, kijana mpole mwenye kofia iliyomzidi kichwa, aliwatazama siku ya kwanza akawauliza kama wamefanya kazi hii pamoja zamani.

"Tumefanya ile ya kuuunganisha," Cheche alimjibu.

Na ndivyo walivyojuana. Yeye alikuwa fundi mpya mwenye kiburi cha mkono mwepesi, naye Mkemia alikuwa msichana wa maabara mwenye miwani. Hidrojeni ni gesi nyembamba, inapenya pasipopenya kitu, kwa hiyo kila mshono wa kuchomelea ulipigwa picha kama mfupa wa mgonjwa. Msichana yule alikuja na picha ya mshono mmoja wa Cheche, akaiinua juani. "Fundi," alimwambia mbele ya watu, "huu uliuchomelea umelala?" Watu wakaangua kicheko. Cheche aliurudia akiwa amenuna, akaurudia tena, mara ya tatu msichana akaupitisha na kumwambia, "Ukiwa macho unajua kazi." Alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia mama yake, ambaye wakati huo alikuwa mzima, kwamba amemwona mtu atakayemwoa, ila kwanza itabidi apone matusi.

Katika siku zile za kubomoa, Cheche alikuwa ameshajiapiza kwamba akifika kwenye mshono ule atasimama kidogo. Hakujua atafanya nini. Pengine amwite mkewe wautazame pamoja. Lakini kazi ilikuwa nyingi, msimamizi alikuwa akikimbizana na meli, na mchana mmoja wenye joto Cheche alipovua kinyago kunywa maji aliliona bomba lile limeshafungwa kwenye kontena, alama ya chaki ubavuni, vifuniko vyeupe miisho yote miwili. Alikuwa amelikata mwenyewe asubuhi. Alikuwa amepita juu ya mshono ule na moto asihisi kitu.

Alikaa chini palepale, juu ya tairi la kreni. Mkemia akaja mbio akidhani ameungua.

"Wapi? Nionyeshe."

Cheche hakuwa na pa kumwonyesha.

Bwana Mkubwa alitolewa mwisho. Kreni mbili zilimnyanyua taratibu, mafundi wote wakiwa wamevua kofia bila mtu kuwaamrisha, na mkurugenzi, aliyerudi kwenye ovaroli yake, alilia waziwazi kama mtoto. Pale alipokuwa amesimama palibaki duara la saruji safi. Mkemia alikwenda akasimama katikati ya lile duara. Cheche alimwona ameufunika mdomo kwa kiganja, na macho yake yanafuata lile pipa linavyopanda. Wakati huo ndipo alipojua kwa hakika kwamba hangeweza kumwomba abaki, hata kama angepata neno la kumwomba.

Siku ya safari, teksi ilikuja mapema. Mkemia aliingia chumba cha mbele na mkoba wake begani, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, naondoka."

"Unakwenda sokoni?"

"Mbali kidogo, mama."

"Usichelewe. Na funga kichwa, kuna upepo."

Hakusema zaidi ya hayo. Mkemia aliibusu ile mikono, ule mzima na ule uliolala, akatoka mbio. Mlangoni alimshika Cheche shati kifuani, akalikunja ngumini.

"Nitakuja kila nikipata likizo."

"Najua."

"Na mama akipata nafuu..."

Wakatazamana. Hakuna aliyeimalizia sentensi ile, kwa kuwa wote walijua mama hatapata nafuu, na neno lililokuwa nyuma yake walikuwa wameshalisema uani.

Mwanzoni walipigiana simu kila siku. Mkemia alimsimulia upepo wa huko, unaokung'oa kofia kichwani, na Bwana Mkubwa alivyosusa tangu aliposhushwa melini. Siku petroli ya kwanza ilipotoka alimpigia akipiga kelele, nyuma yake watu wanashangilia kwa lugha ambayo Cheche hakuijua. Naye Cheche akacheka, akapiga meza, akafurahi kwelikweli. Ikifika wakati wa kuagana, hakuna aliyetaka kukata simu.

"Kata wewe."

"Kata wewe. Wewe ndiye fundi wa kukata."

Wakacheka, na simu ikabaki wazi mpaka mtandao ukawakatia.

Cheche sasa alikuwa akichomelea mageti na madirisha nyumbani, chini ya turubai uani, ili asikie mama akiita. Yeye ndiye aliyemwogesha. Yeye ndiye aliyemkanda miguu, kwa viganja vyake vilivyokuwa vigumu kama msasa, na mama alivumilia kidogo kisha akamwuliza:

"Yule msichana yuko wapi?"

"Msichana gani, mama?"

"Yule mwenye mikono laini. Anayemngoja mwanangu akue."

Cheche alitoka nje akashika ukuta. Miaka yote ile walidhani kila kinachosemwa mbele ya mama kinamwagika. Kumbe kimoja alikuwa amekishika, bila jina, bila uso, akakiweka. Na tangu siku hiyo aliuliza kila jioni. Cheche alimjibu yuko kazini, anakuja. Mama akaridhika, akageukia mlango, akalala akiutazama.

Hilo hakumwambia mkewe. Alijua angeacha kila kitu akarudi, na akirudi kwa sababu hiyo watakuwa wamerudi palepale kwenye shuka lililolowa. Lakini kumficha jambo moja kukamfundisha kumficha mengine. Simu zikawa za siku mbili tatu, kisha za mwisho wa juma. Umekula? Nimekula. Mama? Yupo. Bwana Mkubwa? Mzima. Likizo ya kwanza ikapita, mtambo ulikuwa umeharibika. Ya pili ikapita.

Mama alifariki mchana, dirisha likiwa wazi, Cheche akiwa uani anasugua geti kwa msasa. Alipoingia kumpa maji alimkuta ameshakata roho, uso umeelekea mlangoni.

Mkemia alifika baada ya mazishi. Aliingia chumba cha mbele akakaa kwenye ukingo wa kitanda kilichokwisha kutandikwa, mikono mapajani, kama mtu aliyesahau ameijia kazi gani. Baadaye alilia kwa sauti ambayo Cheche hakuwahi kuisikia kwake, na Cheche alimshikilia, na kwa siku chache wakaishi kama zamani. Walipika pamoja. Walipishana kwenye korido ile nyembamba kwa kugusana mabega. Jirani mmoja alipowaona alisema, shemeji kumbe umerudi, na hakuna aliyemsahihisha.

Asubuhi moja, mkoba umeshafungwa, Mkemia alimwambia:

"Njoo. Sasa njoo, baba. Hakuna kinachokuzuia."

Cheche aliweka kikombe chini.

"Neno hilo ndilo linaloniua. 'Sasa.'"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sasa maana yake mama amekufa. Nikipanda ndege ile nitakuwa nimekikalia kifo chake kama kiti. Na wewe ukinipokea, kila ukinitazama utakumbuka ulichosema, hata nikuapie vipi kwamba nimesahau."

"Umesahau?"

"Sijasahau."

Mkemia aliufunika uso. "Ningelimeza neno lile," alisema kwenye viganja vyake. "Ningelimeza nikabaki nalo."

"Ulisema kweli. Mimi sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo."

"Bora ungenilaumu! Mtu anayenilaumu ningemwomba msamaha. Wewe nikuombe nini?"

 Cheche alimpenda mwanamke yule. Aliupenda mkono wake uliokuwa juu ya kitambaa cha meza, aliipenda miwani yake iliyojaa ukungu, na kama angeweza kufika kule alikokuwa amekaa bila kupita juu ya mama yake, angefika kwa magoti. Alimshika ule mkono mpaka teksi ikapiga honi.

Walipeana talaka mwaka uliofuata, bila kurushiana neno baya. Aliyeomba ni Mkemia. Kulikuwa na mtu huko, fundi wa mashine za upepo, mjane, na Mkemia mwenyewe alimwambia Cheche kwa simu kabla hajasikia kwa wengine. Cheche akamshukuru. Akamwuliza kama mtu huyo anapika, Mkemia akasema anaunguza, na wote wawili wakacheka kidogo, vibaya, kisha akamtakia heri. Safari hiyo mmoja wao alikata simu mara moja. Cheche hakumbuki ni nani.

Kazi haikumpungukia. Mtaa ulikuwa unajengwa, na mikono yake ilijulikana. Mchana mmoja mama mmoja alikuja kuchukua madirisha yake aliyoyaagiza, akamkuta fundi amekaa chini ya turubai anakula wali wa jana, baridi, kutoka kwenye sufuria.

"Ee fundi! Mkeo yuko wapi akuache ule hivyo?"

"Yuko kazini," Cheche alisema.

Akanawa mikono, akasaidia kuyapakia yale madirisha kwenye gari, akayafunga kwa kamba yasigongane. Yule mama akamshukuru, akaondoka. Cheche akarudi chini ya turubai, akakaa, akaivuta sufuria karibu, asile.